Seti ya tapu za mkono M3 hadi M12: tapu poa, mpini hapana

Hii seti ya tapu (vyuma vya kukatia thredi ndani ya tundu, M3 hadi M12 ni kipenyo cha skrubu kwa milimita) nimeitumia miezi kadhaa sasa na niseme tu tapu zenyewe ni HSS kweli (stili ngumu ya zana za kukatia), zinakata thredi safi hata kwenye stili ya kawaida, kila saizi inakuja na 3, ya kwanza imechongoka inaanza, ya pili inafuata, ya mwisho inamalizia mpaka chini kwa tundu lisilotokea upande wa pili. Shida ni mpini wake wa kuzungushia jamani, taya zinazobana tapu zinalegea tapu inacheza na ikikaa upande kidogo tu imekatika (M4 yangu ilibaki ndani ya chuma, kuitoa ni kilio). Nimenunua mpini mwingine, raha tupu.

Halafu msilaumu tapu kama tundu ni dogo, M8 ya pichi 1.25 (umbali wa thredi moja hadi nyingine) toboa na biti ya milimita 6.8, M6 toboa 5, weka oili, zungusha nusu raundi urudi nyuma kidogo chenga zikatike. Kwa alumini mimi natia mafuta ya taa. Boksi lake la plastiki nalo lilipasuka bawaba mapema, ila hilo sijali sana.