Steringi Anapokufa: Wasomaji Tulivyogawanyika Juu ya First Blood

Nakala tuliyoisoma ilinunuliwa kwa muuza vitabu vya mtumba hapa Dodoma mjini kwa shilingi 7,000, ikiwa na jalada lililofubaa na kurasa zilizokwisha kuanza kuachia gundi. Ni riwaya ya First Blood ya David Morrell, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972, ambayo ndiyo iliyomzaa Rambo. Ilizunguka mikononi mwa wasomaji saba kwa muda wa karibu miezi mitatu, kutoka Area C hadi Nkuhungu, kisha Kisasa na Ihumwa, na iliporudi kwangu tulikutana Jumamosi moja jioni chini ya mwarobaini ili kuijadili. Watatu waliisifu bila kusita. Watatu waliikataa, na mmoja wao alikiri kwamba aliifunga kabla ya kufika mwisho. Mimi nilikuwa wa saba, na nilikuwa upande wa walioisifu, lakini naandika uhakiki huu kwa sababu walioikataa walikuwa wameisoma kwa makini, na hoja zao zinastahili kujibiwa moja baada ya nyingine.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Kijana mwenye nywele ndefu na ndevu, aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, anafika kwa miguu katika mji mdogo wa Madison, jimbo la Kentucky, nchini Marekani. Mkuu wa polisi wa mji huo, Wilfred Teasle, hapendi sura yake, anampakia kwenye gari na kumshusha nje ya mji. Kijana anarudi. Anatolewa tena, anarudi tena, hatimaye anakamatwa na kufikishwa mbele ya hakimu kwa kosa la uzururaji. Wakati polisi wanapotaka kumnyoa akiwa kizuizini, katika chumba kilichombana na kumkumbusha shimo alilofungiwa na maadui zake vitani, anapora wembe, anamuua polisi mmoja na kukimbilia milimani akiwa uchi juu ya pikipiki. Kuanzia hapo hadi ukurasa wa mwisho ni msako.

Mgawanyiko wetu wa kwanza ulitokana na filamu. Karibu kila mtu wa rika langu alimjua Rambo kabla ya kujua kwamba kulikuwa na kitabu, kwa maana tulimwona katika mabanda ya video, tumekaa juu ya mabenchi ya mbao, na sheria tuliyoishika tukiwa watoto ilikuwa moja tu: steringi hafi. Filamu ya mwaka 1982, aliyoicheza Sylvester Stallone, iliitii sheria hiyo. Ndani yake ni polisi mmoja tu anayepoteza maisha, na anaanguka kutoka kwenye helikopta kwa uzembe wake mwenyewe, hivyo mtazamaji anaweza kumpenda Rambo moyo ukiwa umetulia. Katika kitabu hakuna utulivu huo. Karibu kikosi chote alichopanda nacho Teasle milimani kinateketea, na wengi wa wanaouawa ni watu wa kawaida waliojiunga na msako kwa sababu mkuu wao aliwaita. Msomaji wetu aliyekifunga kitabu, fundi wa magari ambaye amesoma riwaya nyingi za upelelezi kuliko sisi wote, alieleza sababu yake kwa unyofu: alikuja kumtafuta steringi, akamkuta mtu anayeua watu wasiomkosea, na hakuona kwa nini aendelee kumwombea apone.

Naiheshimu hoja hiyo, kwa sababu imegusa kiini cha kitabu. Ninachopinga ni hitimisho lake. Morrell hakutaka tumwombee apone. Alikuwa Mkanada aliyekwenda kusoma Marekani, akajikuta akiwafundisha vijana waliokuwa wamerudi kutoka Vietnam, wakamsimulia walivyokuwa wakiamka usiku kwa jinamizi na kushtuka kwa kila kishindo. Wakati riwaya inachapishwa, hali hiyo ilikuwa bado haijapata jina rasmi linalotumika leo. Ilikuwa mwaka 1980 ndipo chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kilipoiingiza katika mwongozo wake wa uchunguzi kama maradhi yanayofuata kiwewe. Mwandishi alikuwa anaandika juu ya jambo ambalo watu waliliona kila siku bila kuwa na neno la kuliitia, na aliamua kutuonyesha ukubwa wake kwa kuuleta uwanja wa vita ndani ya mji uliodhani vita viko ng'ambo ya bahari. Mji huo ungeokolewa na steringi mwenye mikono safi, tungefurahi, na tusingejifunza chochote kuhusu kilichomrudisha yule kijana akiwa hivyo.

Kuhusu sura za mwanzo tulikubaliana sote, na nadhani hapa msomaji wa Tanzania ana macho ambayo huenda msomaji wa kwingine hana. Neno uzururaji kwetu si neno la kamusi. Limo katika Kanuni ya Adhabu, na wakubwa kati yetu walikumbuka operesheni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambapo watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa mijini na kupelekwa vijijini kulima. Mwalimu mstaafu katika kundi letu alisema kwamba alipofika pale Teasle anapomuuliza kijana anatoka wapi, anakwenda wapi na ana fedha kiasi gani mfukoni, alikiweka kitabu chini akanywa maji. Ni kurasa chache tu, za mazungumzo ya upole kabisa kwa maneno, lakini kila jibu ambalo kijana hatoi linasogeza watu wawili karibu na maangamizi. Sijasoma ufunguzi wa riwaya ya kusisimua uliopangwa vizuri kuliko huo, na hakuna hata risasi moja iliyofyatuliwa.

Sehemu ya milimani ndiyo dhaifu, na hapa nawaunga mkono waliolalamika. Kuna mbwa, kuna helikopta, kuna mvua, kuna kuanguka kwenye genge na kuvunjika mbavu, na kila tukio limeandikwa kwa ustadi, isipokuwa yamefuatana kwa namna ambayo baada ya kurasa kadhaa msomaji anachoka kama anayesakwa. Tukio la pangoni, ambapo Rambo anatambaa gizani kwenye upenyo mwembamba hadi kuwaangukia popo wasiohesabika, linatisha kweli. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliyekuwa nasi alisema alilisoma huku taa zote za chumbani zikiwaka. Lakini theluthi ya kurasa zilizolitangulia ingeweza kuondolewa bila hasara.

Msomaji mwingine, muuguzi, alikikataa kitabu kwa sababu ya wanawake, au tuseme kwa kukosekana kwao. Mke wa Teasle amekwisha kuondoka kabla kisa hakijaanza, nasi tunamjua kupitia kumbukumbu na simu tu. Muuguzi huyo alisema kwamba amewahudumia wanaume waliovunjika kwa namna mbalimbali, na kila mara palikuwa na mama, dada au mke aliyeketi kando ya kitanda akijua habari zote ambazo mgonjwa alikataa kuzisema. Riwaya inayoeleza majeraha ya vita bila mtu huyo imeeleza nusu. Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina.

Jambo lililobadilisha mjadala wetu lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa amekisoma kitabu. Babu wa yule mwanafunzi, aliyekuwa mgambo akaitwa kwenda vitani baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera mwaka 1978, alikuwa ameketi nasi akisikiliza. Wakati wa likizo mjukuu wake alikuwa akimsimulia sura baada ya sura kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza hakimpandi vizuri. Tulipokuwa tumezama katika ubishi wa Rambo alikuwa sahihi au la, mzee aliinua mkono kwa adabu, akauliza kwa nini hatumzungumzii askari wa pili. Tulinyamaza. Alikuwa anamaanisha Teasle. Mkuu wa polisi naye ni mpiganaji wa zamani, alipigana Korea na kurudi na nishani ya juu ya ushujaa, akapewa kazi, sare na heshima ya mji mzima, na bado ni mtu aliyeachwa na mkewe, anayelala vibaya, asiyejua kurudi nyuma pale anapokosea. Mzee alisema kwamba watu wawili hao wangekutana mahali pengine, kwenye kilabu cha pombe kwa mfano, wangeelewana kwa dakika tano bila kuulizana mengi.

Baada ya maneno yale nilikirudia kitabu nikiwa nyumbani, na nikaona jinsi kilivyojengwa kwa wazo hilo hilo. Masimulizi yanapokezana: kipande tuko ndani ya kichwa cha Rambo, kipande kinachofuata tuko ndani ya kichwa cha Teasle, na kadiri msako unavyokaza ndivyo vichwa hivyo viwili vinavyofanana, mpaka karibu na mwisho kila mmoja anaanza kuhisi alipo mwenzake. Filamu ilimfanya Teasle kuwa adui wa kawaida wa kwenye banda la video. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi iliyopatikana kitabu kilipogeuzwa kuwa picha, kubwa kuliko hata kubadilishwa kwa mwisho.

Na mwisho wenyewe, ambao asiyetaka kuujua anaweza kuruka aya hii, ni kwamba wote wawili wanakufa. Rambo anapigwa risasi na Trautman, ofisa aliyesimamia mafunzo yaliyomfanya awe alivyo, na Teasle anafuata muda mfupi baadaye. Watengenezaji wa filamu nao walikuwa wamepiga picha za mwisho ambamo Rambo anakufa, lakini watazamaji wa majaribio hawakuupenda, ukaondolewa. Watazamaji hao na fundi wetu wa magari wangepatana. Mimi naona kifo hicho kimeandikwa kwa huruma kubwa kuliko kurasa zote zilizokitangulia, kwa kuwa wakati wa kufa Teasle hana tena chuki hata kidogo kwa kijana aliyemwangamiza.

Kwa anayetaka kukitafuta, Kiingereza chake ni cha sentensi fupi na msamiati wa kawaida, na mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kukisoma bila shida, ingawa nisingempa mtoto wa umri mdogo zaidi kwa sababu ya damu iliyomo. Aliyekwisha kuiona filamu asiiogope, kwani baada ya kurasa hamsini atakuwa katika kisa kingine kabisa. Nakala yetu haiko kwangu tena. Babu aliomba ibaki kwao, na mjukuu anamsomea upya, safari hii vile vipande vya Teasle peke yake, akiviruka vingine vyote.