Kabla ya kununua rangi ya kibaraza, tafuta nailoni

Mwaka jana, mwanzoni mwa mwezi wa tatu, nilipaka kibaraza changu rangi ya mafuta nyekundu, ile ya kung'aa. Galoni mbili kwa shilingi 84,000, bado thina, bado hela ya fundi. Muuzaji aliniapia: "Dada yangu, hii ndani na nje, hata gari linapita juu." Wiki mbili za mwanzo kibaraza kilipendeza hadi wageni wakawa wanavua viatu chini ya ngazi. Masika ilipokolea yakatoka malengelenge upande wa bomba, madogo kama punje za mtama, kisha makubwa kama maharage. Nikabonyeza moja kwa kidole, likapasuka, maji yakatoka. Chini yake saruji ilikuwa na unga mweupe, na ukigusa inateleza. Kufika mwezi wa sita rangi ilikuwa inabanduka vipande vya upana wa kiganja.

Rangi haikuwa feki. Maji yalikuwa yanapanda kutoka chini, na pale dukani hakuna aliyeniuliza habari ya maji.

Kwa hiyo sizungumzii hapa rangi ipi inaendana na geti, wala galoni moja inafunika mita ngapi. Hayo muuzaji atakwambia hata hujauliza. Mimi nataka tuongee unyevu. Mafundi wengi wanamwaga jamvi la kibaraza, yaani zege la sakafu, juu ya kifusi moja kwa moja, bila kutandika nailoni ya kuzuia maji. Saruji hunyonya maji ya ardhini kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Jua likipiga, yale maji yanapanda yatoke. Yakikuta rangi iliyoziba vitundu vyote, yanaisukuma mpaka inaachia. Na huku kwetu pwani, ambako mchanga na maji ya visima mara nyingi vina chumvi, ile chumvi nayo inaganda chini ya rangi na kuinyanyua.

Ili kujua kama kibaraza chako kina unyevu, nunua kipande cha nailoni nene inayoonyesha. Kata mraba wa sentimita 45, ibandike kwenye saruji kwa selotepu pana, kingo zote nne, hewa isipite. Iache masaa 16 au zaidi: ukibandika jioni, fungua kesho yake mchana. Ukikuta matone kwa ndani, au saruji imekoza weusi kuliko ya pembeni, hapo pana unyevu. Bandika sehemu tatu, moja iwe karibu na bomba au pale maji ya bati yanapodondokea. Usipime kiangazi ukaridhika. Rudia baada ya mvua. Zege likiwa jipya, siku 28 zipite kwanza, hata fundi akikuharakisha vipi.

Sasa manunuzi yenyewe. Chaguo langu la kwanza, na sifichi kwamba naipendelea, si rangi ya kupaka kabisa. Ni oksaidi, ule unga unaochanganywa na saruji wakati wa kupiga niru, lile tabaka laini la saruji la juu kabisa, na nikiweza kuchagua nachukua Bayferrox ya Ujerumani. Inatengenezwa Krefeld tangu 1926, na kila rangi ina namba yake: 110 na 130 ni nyekundu, 920 ni manjano. Ukiipenda ya mwaka huu, mwakani unataja namba unapata ileile. Unga huu ni madini ya chuma yaliyokwisha kushika kutu, ndiyo maana jua haliupaushi. Na kwa kuwa rangi imo ndani ya saruji, hakuna utando wa kubanduka. Maji yapande, yatoke, yaende zao. Ukiona unga mweupe juu, unasugua kwa brashi kavu. Nyumba ya bibi yangu Pangani ina sakafu nyekundu ya oksaidi iliyopigwa kabla mama hajaolewa, na bado inasuguliwa kwa kifuu cha nazi inang'aa.

Kipimo ni asilimia 5 ya uzito wa saruji, yaani kilo 2.5 kwa mfuko wa kilo 50. Ukizidisha sana unapoteza hela, na ukipita asilimia 10 saruji yenyewe inadhoofika. Pima kwa mizani. Ukipima kwa kopo, kila mchanganyo utatoka na rangi yake na kibaraza kitakuwa na mabaka. Changanya unga na saruji vikiwa vikavu hadi usione michirizi, ndipo utie maji. Kibaraza cha zamani lazima kichongwechongwe kwanza ili niru mpya ishike, na umwagilie siku saba. Ni kazi, na fundi atalalamika.

Kama hutaki kuvunja chochote, chukua rangi ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya sakafu. Si ile ya ukutani. Hii inaruhusu mvuke kupita, kwa hiyo unyevu mdogo inauvumilia. Mkono wa kwanza uzimue kwa maji kama kopo linavyoelekeza, uzame ndani ya saruji. Tarajia kurudia kila baada ya miaka michache, hasa kwenye njia ya miguu.

Epoksi ya makopo mawili ni ngumu kweli, lakini jua huifanya iwe manjano na kutoa vumbi kama chaki, na mvuke haupiti. Ibaki ndani ya gereji.

Ya mwisho ni rangi ya mafuta, ile iliyonitia hasara. Wanaochemsha sabuni kwa mafuta ya nazi na kostiki wataelewa haraka: saruji nayo ina ukali wa namna ya kostiki, ikipata unyevu inaanza kuyageuza mafuta yaliyomo kwenye rangi kuwa sabuni. Ule utelezi nilioukuta chini ya malengelenge ulikuwa huo. Chokaa na masalia ya rangi ya ukutani ni rahisi, lakini mvua moja ya Aprili inatosha kuvimaliza.

Na wauzaji jamani. Niliporudisha kipande cha rangi iliyobanduka, nikaambiwa kopo likifunguliwa halirudi. Risiti sikuwa nayo, kwa sababu siku ya kununua niliulizwa, "Na risiti au bila risiti?" na bei ya risiti ilikuwa ya juu. Ile tofauti ndogo ndiyo iliyoniondolea haki ya kudai. Kopo lenyewe nililouziwa kama lita 4, pembeni limeandikwa lita 3.6 kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Mtu anauza rangi miaka kumi, anashindwaje kuuliza swali moja: mama, hapo chini pana nailoni?

Kibaraza changu nimekikwangua chote kwa brashi ya waya. Juzi nilibandika nailoni tatu. Mbili zilitoka kavu, ya upande wa bomba ilikuwa na matone mengi, na hiyo ni kiangazi. Fundi bomba anakuja Jumamosi. Oksaidi nimeshanunua, 130, kilo 5, na risiti ninayo.