Nilikwenda Kisite kutazama ndege, nikauziwa pomboo

Nianze na pesa, maana najua ndilo swali la kwanza. Safari ya siku moja kwa jahazi kutoka Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, hadi visiwa vya Kisite na Wasini, pamoja na gari la kutuchukua Ukunda na chakula cha mchana, tulitozwa shilingi 8,500 kila mmoja. Tulikuwa wawili, mimi na dadangu mdogo. Ongeza treni ya Syokimau, Nairobi, hadi Mombasa, ya 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, ongeza malazi ya siku mbili Ukunda, utaona si safari ya kuamkia tu. Ndiyo maana nilipopiga simu kutoka Nairobi nikauliza kuhusu ndege wa baharini, nilitaka kujibiwa na mtu anayewajua. Nikaambiwa, "Ndege ni wengi sana, dada, wewe njoo tu." Jibu hilo lilitosha kunishtua, lakini nilikuwa nimeshatuma malipo ya awali.

Mimi ni mtu wa ndege. Jumatano nikiponyoka kazini, huenda kwenye yale matembezi ya asubuhi yanayoanzia Makavazi ya Taifa. Ndege wa mjini nawafahamu, hata wale korongo wenye vipara pale mzunguko wa Nyayo wanaochafua magari ya watu bila aibu. Niliyemfuata Kisite ni buabua, ndege wa baharini, hasa yule ambaye kifua chake hupata wekundu wa waridi kwa mbali msimu wa kutaga unapofika. Ndege mdogo tu, gramu mia na kidogo, mkia mrefu uliogawanyika kama nyuzi mbili. Katikati ya mwaka hukusanyika kwa mamia kwenye kisiwa cha Kisite, ambacho usidhani ni kisiwa cha minazi. Ni kipande cha jiwe la matumbawe, kipara, na mayai hutagwa papo hapo juu ya jiwe.

Sasa, ambalo hakuna aliyeniambia: buabua hutaga wakati wa kusi, upepo wa katikati ya mwaka unaochafua bahari. Picha zote nzuri unazotumiwa WhatsApp, maji kama kioo na watu wanacheka na miwani ya kupigia mbizi, ni za msimu wa upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Ukienda Januari utapata bahari tulivu na kisiwa kisicho na kiota. Ukienda Julai au Agosti utawapata ndege, na bahari itakuuliza umekula nini. Sisi tulikwenda Agosti kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na dadangu ni mwalimu. Kwa ndege ilikuwa bahati. Kwa tumbo la dadangu, hapana.

Treni ya saa mbili asubuhi ilitufikisha kituo cha Miritini, Mombasa, kabla ya saa nane mchana, tukapita Dongo Kundu bila kuigusa feri ya Likoni. Kesho yake gari lilitufuata saa moja, tukakunja Kanana kuelekea Shimoni. Mpaka hapo sina neno.

Matatizo yalianzia gatini. Tulikuwa tumeahidiwa kwamba kila kitu kimo kwenye ile 8,500, kumbe ada ya hifadhi haimo. Ada ya KWS, shirika la wanyamapori, hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, basi tukawaona watu kumi na wanne wamesimama gatini wameinua simu juu kutafuta mtandao kama wanaomba mvua. Nusu saa ikayeyuka. Kijana wa kampuni akasema tusijali, siku ni ndefu. Siku ilikuwa ndefu kweli, ila maji hayakutungoja. Tulikuwa kwenye bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na siku za bamvua pwani yetu maji hupwa saa nne hadi saa tano asubuhi. Hapo ndipo miamba hutoka nje, na ndege wa miguu mirefu, yangeyange na wenzake, hushuka kula. Sisi saa tatu u nusu ndiyo kwanza tunang'oa nanga.

Halafu wakaja pomboo. Sina ugomvi na pomboo. Ila tulitumia zaidi ya saa moja tukiwazungukazunguka, vyombo vitano vikipokezana kuwakatia njia, injini zikinguruma, kila wakizama tunakimbilia watakapoibukia. Ilinikumbusha matatu zinavyogombania abiria mmoja kwenye kituo. Dadangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiwataka, alikuwa ameshika ukingo wa jahazi kwa mikono miwili na hakuwaona vizuri. Baharia mmoja akamhamisha kutoka omo, mbele ya chombo, akampeleka karibu na shetri, upande wa nyuma, ambako chombo hakirukiruki sana, akampa tangawizi mbichi atafune. Ilimsaidia kuliko tembe alizonunua Donholm. Tangu tuingie, huyo ndiye mtu wa kwanza niliyemwona anaifanya kazi yake.

Tulifika Kisite karibu saa sita. Mwamba ulikuwa umeshaanza kufunikwa, na wale wa miguu mirefu walikuwa wamekwenda zao. Nilikasirika kimyakimya. Wenzetu wakavaa miwani wakajitosa kutazama samaki, nami nikabaki chomboni na darubini yangu, pamoja na nahodha, mzee wa Wasini ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema maneno kumi.

Nikamwamkia tena, nikamwambia nilichokuja kutafuta. Akanitazama, akaitazama darubini, akasema, "Ungesema tangu gatini, mwanangu."

Wenzetu walipopanda, akakisogeza chombo upande ambao upepo ungetusukuma polepole sambamba na kisiwa, kisha akazima injini. Hapo nikasikia. Kelele za Gikomba siku ya kufungua mitumba! Mamia ya buabua wakipiga kelele kwa pamoja, na harufu ikaja nyuma yake, nzito, harufu ya banda la kuku lisilofagiwa. Kuna aliyeziba pua. Mimi nilikuwa mbali na dunia. Nilimwona mmoja akirudi kutoka baharini, dagaa amelala kingamo mdomoni, mdomo mweusi wenye wekundu kuanzia shinani. Alizunguka mara mbili, akatua kando ya tundu la jiwe, na humo tunduni kikatoka kinda cha rangi ya jiwe lenyewe. Kama kisingefungua mdomo nisingekiona. Dagaa akaingia mzima mzima, mkia ukabaki nje kidogo, kisha nao ukapotea.

Yule kijana wa kampuni akapendekeza tusogee zaidi ili watu wapate picha. Nahodha akakataa bila kugeuza shingo. "Wakiruka wote, mayai na makinda yanabaki juani. Jua hili litayapika." Hakuna aliyembishia.

Tulielea pale dakika kama ishirini. Akanionyesha kwa kidole kundi jingine mbali kuelekea mkondo wa Pemba, ndege wanajirusha majini kama mawe. Akasema hao ndio wanaowaonyesha wavuvi mahali pa kutupa ndoano, kwa sababu chini yao yupo jodari anayewapandisha dagaa juu. Ule ni msimu wa nyangumi pia, hupita huko Julai hadi Septemba, ila siku hiyo hawakututembelea. Upande wa Tanzania mawingu yalipofunguka kidogo, milima ya Usambara ilionekana, kijivu, kama imechorwa kwa mkaa ikafutwa.

Chakula cha Wasini kilikuwa kizuri, nacho sikikuzi: kaa, samaki wa kupaka, wali wa nazi. Kisiwa hakina gari hata moja, na kwa mtu wa Barabara ya Jogoo hilo pekee ni tiba. Usirudi bila kupita kwenye njia ya mbao ya akina mama wa kijiji, ile inayokatiza mikoko na matumbawe makavu yaliyoliwa chini na maji mpaka yanafanana na uyoga. Kiingilio ni kidogo na hulipwa kwao wenyewe. Nilimwona mdiria pale, bluu tupu, ametulia kwenye mkoko.

Kampuni nimeipa nyota tatu kati ya tano. Moja nimeikata kwa ada waliyotuficha, nyingine kwa ile saa ya kuwafukuza pomboo. Ukitaka ndege, usiseme "tutaona ndege?" Uliza maji yanapwa saa ngapi siku hiyo, mtang'oa nanga saa ngapi, na kama nahodha atakubali kwenda Kisite kwanza, pomboo baadaye. Lipa ada yako ya hifadhi usiku uliotangulia, ukiwa bado kwenye mtandao mzuri. Omba kukaa karibu na nahodha.

Namba yake ninayo, na tumeshapanga wiki ya bamvua Julai ijayo. Dadangu atakuja, ila amesema yeye atashukia Wasini na kutungojea kwa kaa.