Tathmini ya Huduma za Kusafirisha Wanaanga, kwa Jicho la Malindi

Watu wa Malindi tuna sababu ya kuzipima huduma hizi kwa makini, maana ni kwenye jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, ndipo roketi ya Scout iliporusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Roketi za aina ile zilitumika mara moja tu, na kila safari ilidai roketi mpya. Ndiyo maana nauliza kwanza kama chombo kinarudi, na kama abiria anarudi nacho salama.

Kwa kipimo hicho Crew Dragon, chombo cha kampuni ya Marekani ya SpaceX, iliyoanza kubeba wanaanga tarehe 30 Mei 2020, imewaacha wenzake mbali. Sehemu ya chini ya roketi yake, Falcon 9, yenye injini tisa, hujitenga dakika chache baada ya kuruka, huwasha tena baadhi ya injini ili kupunguza mwendo, kisha hutua wima kwa miguu minne, nchi kavu au juu ya chombo kinachoelea baharini. Mwezi Aprili 2021 wanaanga wanne waliruka kwa roketi na chombo vilivyokwisha kutumika, na hapo ndipo niliporidhika, kwa sababu kurudia roketi kwa mizigo si sawa na kuikabidhi roho za watu.

Starliner, chombo cha kampuni ya Boeing, inasikitisha. Mwaka 2014 NASA, shirika la anga la Marekani, iliipa Boeing mkataba wa dola bilioni 4.2, na SpaceX bilioni 2.6, kwa kazi ileile ya kupeleka wanaanga kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Starliner hupandishwa na Atlas V, roketi isiyorudi. Mwezi Juni 2024 gesi ya heliamu ilivuja na baadhi ya injini zake ndogo zikazima, hivyo wanaanga Butch Wilmore na Suni Williams, waliokwenda kwa siku chache, wakabaki kituoni hadi Machi 2025 waliporudishwa na Dragon. Uamuzi wa NASA wa kukirudisha chombo kitupu ulikuwa wa busara, nami nausifu kwa dhati.

New Shepard, roketi ya kampuni ya Blue Origin, hurudi nzima, lakini safari yake ya dakika kama kumi haifiki kwenye mzingo wa dunia, yaani njia ya kuizunguka dunia.

Dragon naipa nyota nne kati ya tano, kwa kuwa sehemu ya juu ya Falcon 9 bado hutupwa kila safari. Hata hivyo naitakia Starliner itengemae: Dragon ikipata hitilafu leo, Marekani haina chombo chake kingine kilicho tayari kupeleka watu kituoni.