Kuhesabu silabi au kumpa msomaji mapengo?

Ukiandika kipeperushi cha mbegu za mtama kwa wakulima wa Bahi au Kongwa, utajuaje kama kinasomeka? Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kanuni aliyoitoa Rudolf Flesch kule Marekani mwaka 1948. Inahesabu maneno kwa kila sentensi na silabi kwa kila neno, kisha inatoa alama, kwa kawaida kati ya 0 na 100. Alama ikipanda, maandishi ni mepesi. Kompyuta inaimaliza papo hapo. Tatizo ni kwamba ilitungwa kwa ajili ya Kiingereza. Chukua “Mbegu hizi msizichanganye”: maneno 3, silabi 10. Alama yake ni takriban hasi 78, yaani ngumu kupindukia, wakati mtoto wa shule ya msingi pale Chamwino anaielewa bila shida. Halafu “dhima”, yenye silabi 2, inapita kama neno jepesi!

Ya pili ni jaribio la mapengo la Wilson Taylor, 1953. Unafuta, tuseme, kila neno la tano, kisha unahesabu mangapi msomaji ameyarudisha. Inachukua muda: lazima uende sokoni Kibaigwa ukawaombe watu wakae nawe. Lakini unaona penyewe wanapokwama, na hilo hakuna hesabu ya silabi itakayokuonyesha.

Kwa Kiswahili nachagua mapengo bila kusita. Kutoka kwa Flesch ningechukua urefu wa sentensi tu, nilinganishe rasimu mbili za kipeperushi kilekile kabla ya kwenda sokoni.