Tahadhari Arusha na Moshi: "uhakiki" uliowafikia wadhamini wangu kwa jina langu mwenyewe

Madereva wa safari, waongoza watalii, wahasibu wa kujitegemea, mafundi wa kompyuta, na yeyote anayeishi kwa kazi za mkataba: nimeingizwa mjini na watu waliojiita wakala wa ajira, na kupitia kwangu wakamtapeli mama wa watu. Naandika kwa aibu, ila afadhali aibu kuliko mwenzangu akaweke kidole pale nilipoweka mimi.

Ilikuwa mwezi wa nne, masika, gari limelala Sakina na tope hadi kwenye rimu. Wanaoijua lo sizoni, msimu usio na watalii, wanajua mtu anavyosoma matangazo kipindi hicho. Likaja moja kwenye kundi letu la WhatsApp: kampuni ya nje inataka madereva 12 wa mkataba, Juni hadi Oktoba, malipo kwa siku, kila mtu anajitegemea na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi. Usaili unafanywa na wakala, ofisi ghorofa ya pili, maeneo ya Mianzini. Jina la ofisi siliandiki hapa. Lipo polisi, na nina hakika bango walishabadilisha.

Ofisi ilikuwa safi, printa inanguruma, dada mstaarabu na kitambulisho shingoni. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji. Lakini hakuniuliza hata siku moja niliyowahi kukwama Ndutu, wala kama najua kubadilisha springi porini. Dereva wa safari asiyeulizwa habari za gari ni kama mpishi asiyeulizwa chumvi, na mimi miaka yote hii barabarani sikushtuka. Alichotaka ni karatasi: kitambulisho cha taifa cha NIDA, leseni, TIN, barua ya serikali ya mtaa, na wadhamini watatu. Kwenye wadhamini ndipo alipokaa muda mrefu. Majina yao, namba za simu, wanafanya nini, tumefahamiana vipi, mara ya mwisho tumeongea lini. Nikaona huyu dada anaijua kazi yake. Na kweli alikuwa anaijua.

Ada ya uhakiki ilikuwa 45,000, nikaituma kwenye namba ya simu. Jina lililotokea lilikuwa la mtu binafsi. "Ni mhasibu wetu," akasema.

Halafu kikaja kile kifaa. Kidogo, cheusi, kimechomekwa kwenye simu, kilekile wanachotumia vijana wa mwavuli wanaosajili laini pale stendi. "Weka dole gumba, tunahakiki NIDA." Nikaweka. "Haijasoma, jifute jasho." Nikajifutia kwenye suruali, nikaweka tena. "Sasa cha shahada." Mara nne kwa jumla. Nakumbuka mara ya tatu kile kitaa kiliwaka kijani, nami nikafurahi kabisa kwamba imekubali.

Ilikubali kweli. Walikuwa wanasajili laini kwa jina langu.

Siku tisa baadaye mdhamini wangu wa kwanza, mama mmoja wa Moshi mwenye nyumba ya wageni, niliyembebea wageni wake miaka sita, alipokea ujumbe: "Shikamoo mama, ni mimi, hii ndiyo namba yangu mpya. Nimepata kazi kwa wakala ila nimekwama 350,000 ya bima, Ijumaa narudisha." Mama si mjinga. Alisubiri kidogo, kisha akafanya kile ambacho sote tunafundishana: akaanza kutuma ili aone jina. Likatokea jina langu, yote matatu, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Akabonyeza namba ya siri. Nilipompigia jioni kumsalimia tu, akaniuliza kama imefika.

"Mama, ipi?"

"Mwanangu, jina lilikuja la kwako."

Mdhamini wa pili, mzee wa Usa River niliyekuwa nikiendesha magari yake, aliokoka kwa neno moja. Ule ujumbe ulimwita "bosi". Mimi tangu nimjue namwita Mzee, na yeye anajua hata nikiwa na homa siwezi kumwita bosi. Wa tatu hakujibu, huyo hata mimi hanijibu.

Sisi wa kazi za tripu hatuna barua ya ajira wala ofisi ya rasilimali watu inayotusemea. Tuna watu watatu wanne wanaoweza kupokea simu na kusema "huyu namfahamu, mpe gari." Ukimpa tapeli orodha hiyo pamoja na kidole chako, umempa mlango na ufunguo kwa pamoja. Kile cha 45,000 kilikuwa chenji tu.

Uhakiki wenyewe si utapeli. Mkandarasi wa kujitegemea anaweza kukabidhiwa gari la mamilioni, fedha za mteja au nywila za ofisi, kwa hiyo wakala makini lazima ajue wewe ni nani. Tofauti ipo kwenye mpangilio. Wakala wa kweli anakuuliza kazi kwanza, na wadhamini anawapigia mwishoni, ukishapita usaili, tena anakuambia leo tunawapigia ili uwaandae. Anamuuliza mdhamini mambo ya kazi: ulifanya kipindi gani, uliwahi kugonga, angekuchukua tena. Ujira wake anaupata kwa mwenye kazi. Kanuni za mawakala binafsi wa ajira za 2014 zinamtaka asajiliwe kwa Kamishna wa Kazi, na hazimruhusu kumtoza anayetafuta kazi. Ofisi ya Kazi ya mkoa unaingia na kuuliza, na jina la kampuni unalitafuta kwenye mfumo wa BRELA, wanaosajili kampuni, ukiwa umekaa nyumbani. Mimi nilifanya yote mawili, baada ya kuibiwa.

Cheti cha tabia njema unakwenda polisi mwenyewe, alama za vidole unachukuliwa hukohuko, na malipo ya serikali ni kwa kontrol namba. Mtu akikwambia atakufuatilia hicho cheti ukimlipa kwa namba yake ya simu, ondoka.

Kuhusu NIDA, wengi tunatoa ile namba kama tunavyotoa jina la mtaa. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, kwa hiyo ukiitoa umetoa na tarehe yako. Siku hizi kila nakala ninayotoa naandika kwa kalamu katikati, juu ya picha kabisa: "Maombi ya kazi tu", jina la ofisi na tarehe. Kuna mmoja pale Njiro alinuna akasema nimechafua nakala. Sikurudi kwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazitaka za nini, kwa hiyo kuuliza si ukorofi.

Ukishaweka kidole mahali usipopaamini, piga *106# siku hiyohiyo. Inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Mimi nilikuta mbili nisizozijua, za mitandao miwili tofauti. Nilikwenda duka la kila mtandao na kitambulisho changu, zikafungwa. Namba iliyomwandikia mama niliituma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha nikafungua taarifa polisi, kwa sababu laini iliyo kwa jina lako ikimtapeli mtu, wa kwanza kugongewa mlango ni wewe.

Mama nimeanza kumlipa kidogokidogo, 50,000 kila nikipata tripu. Alikataa, nikamwachia mezani.

Wanaonifahamu: namba yangu ni ileile ya siku zote. Ikija nyingine ikisema ni mimi, hata kama jina langu limetokea kamili, nipigieni kwenye ile ya zamani kabla hamjabonyeza chochote.