Dawa ya presha ya kila mwezi: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Ukipeleka cheti cha amlodipine kwenye famasi ya mjini Dar es Salaam, usishangae ukiulizwa: "Nikupe ya UK au ya India?" Bei zinaweza kupishana mara kadhaa, na presha ni ugonjwa wa kununua dawa kila mwezi, pengine maisha yote. Nimezipanga hapa kuanzia ile ambayo ningemnunulia mama yangu mzazi.

Ya kwanza ni jeneriki, yaani dawa ileile iliyotengenezwa na kiwanda kingine kisicho cha mgunduzi, iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania (kwa Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu), boksi limeandikwa Amlodipine 5 mg, basi. Dawa hii ilijulikana kwanza kwa jina la Norvasc, ya Pfizer. Hataza yake, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, nchini Marekani iliisha 2007, na viwanda vingine vikaanza kuitengeneza. Havibebi gharama ya miaka ya utafiti wa kuigundua, na vinashindana vyenyewe kwa vyenyewe, ndiyo maana bei inashuka. Kazi yao ni kuthibitisha kwamba dawa yao inafika kwenye damu sawa na ile ya mwanzo: watu wenye afya njema wanapewa zote mbili kwa nyakati tofauti, damu inapimwa, matokeo yanalinganishwa.

Wengi wameambiwa kwamba jeneriki inaruhusiwa kupungua nguvu kwa asilimia 20. Si kweli. Uvumi huo unatokana na mipaka ya asilimia 80 hadi 125 inayotumika kulinganisha jeneriki na dawa ya mwanzo kwenye damu, lakini mipaka hiyo inahusu makadirio ya kitakwimu, na makadirio yote, ya chini na ya juu, lazima yaingie ndani yake. Dawa yenye wastani ulio mbali na asilimia 100 itafeli. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipopitia majaribio zaidi ya 2,000 ya jeneriki ilizoziidhinisha, tofauti ya wastani ya dawa iliyoingia kwenye damu ilikuwa takriban asilimia 3.5. Anayeona bei ndogo ni dalili ya udhaifu akumbuke ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI: mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuliuzia shirika la madaktari la Médecins Sans Frontières dozi ya mwaka mzima ya mgonjwa mmoja kwa dola 350, wakati zile za majina makubwa zilikuwa zikigharimu zaidi ya dola 10,000.

Ya pili ni jeneriki iliyopewa jina lake la biashara. Ndani ni amlodipine ileile. Unachoongeza ni pesa ya jina na boksi la kupendeza. Inunue kama ile ya kwanza imeisha.

Ya tatu ni yenyewe, Norvasc. Ni dawa nzuri, sina neno nayo. Ila mgonjwa anayeinunua wiki mbili kisha akakaa wiki mbili bila dawa kwa kukosa pesa yuko hatarini kuliko anayemeza jeneriki kila siku, na kiharusi hakingoji mwisho wa mwezi. Jina kubwa pia halikukingi na bandia, maana waghushi wanapenda majina yanayouzika.

Mpangilio huu usiuhamishie kwenye kila ugonjwa. Kwa dawa za kifafa kama phenytoin na carbamazepine, warfarin ya kuzuia damu kuganda, na levothyroxine ya tezi, mabadiliko madogo kwenye damu yana uzito. Hapo shikilia dawa ya kiwanda kimoja, iwe jeneriki au la, na usibadili bila daktari kujua. Vilevile, ukiona herufi SR, XR au MR kwenye boksi, kidonge hicho kinaachia dawa taratibu. Usikubali cha kawaida badala yake.

Usichonunua kabisa ni vidonge vya mnadani au vya mkobani, vilivyotolewa kwenye boksi lake, bila jina la kiwanda, namba ya toleo wala tarehe ya kuisha muda. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au bandia.

Ukibadilisha, pima presha baada ya wiki mbili hadi nne. Ikipanda, usiache dawa. Rudi kwa daktari na boksi lako, na umwombe mfamasia aripoti TMDA kwa fomu ya njano.